Posa Iliyonifikisha Kizimkazi

Nyinyi mnaoanza kazi mmefundishwa chuoni kupima presha, kupiga sindano na kuandika historia ya mgonjwa. Nina hakika hakuna aliyekwambieni kwamba muuguzi wa magonjwa ya akili hapa Unguja ana kazi nyengine isiyoandikwa popote. Anaulizwa habari za posa.

Subirini, itakufikeni. Utakuwa Darajani unachagua samaki, mama mmoja atakusogelea, atakuamkia vizuri mno, atauliza hali ya watoto na hali ya mguu wako unaouma, kisha atashusha sauti: "Hivi wale watu wa mtaa fulani, si huja kwenu kule?" Hapo ujue mwanawe anataka kuoa. Kabla hawajauliza kama msichana anaswali, watu wanataka kujua kama kwao kuna mtu aliyepata kuumwa akili.

Aliyenifundisha kazi, Bwana Othman, Mungu amrehemu, alikuwa na jibu lake moja. Akiulizwa, husema, "Mimi watu siwajui kwa majina, nnawajua kwa dawa." Siku moja mzee mmoja akamshika hapo hapo: "Basi nambie, huyu mkwe wangu anakunywa dawa gani?" Bwana Othman akanunua pweza ambaye hakumtaka, akaondoka. Alikuja kazini na yule pweza, akaniambia, "Maryam, jibu la mkato si zuri. Bora useme tu kwamba husemi."

Nimefuata hivyo mpaka nimestaafu. Hili ninalokusimulieni nimepewa ruhusa na wenyewe, na majina nimeyabadilisha.

Bi Raya alikuja nyumbani kwangu Mkunazini alasiri moja, miaka michache kabla sijaacha kazi. Nilikuwa simjui. Mwanamke wa makamo, amejitanda vizuri, ananukia udi, amechukua sahani ya haluwa iliyofunikwa kawa. Alijitambulisha kuwa ni mjane wa Bububu, ana duka la vitambaa, na ana mtoto mmoja tu, Khalfan, fundi wa mafriji. Nikamkaribisha chai. Kabla hajanywa, alikigeuza kikombe mpaka mkono wa kukishikia ukaelekea kulia, akakiweka kijiko kikae sawasawa na ukingo wa sinia. Akaona namtazama. Akacheka kicheko kifupi cha puani, akaziba mdomo kwa ncha ya mtandio.

"Usinishangae, Bi Maryam. Kitu kikikaa upande, mimi hata chai hainipiti."

Tukazungumza ya hapa na pale. Halafu akasema, "Khalfan anataka kumuoa Asya, binti ya Bi Kazija wa Malindi. Yule mama ni mgonjwa wenu?"

"Bi Raya, hata angekuwa mama yangu mzazi nisingekujibu."

"Si siri. Mtaa mzima unajua."

"Basi uulize mtaa."

Akacheka tena, lakini safari hii macho hayakucheka. "Haya. Sikuulizi mtu. Nnakuuliza maradhi. Yanapita kwenye damu?"

Hilo ni swali ninaloliruhusu, na nyinyi msilikimbie. Nikamweleza kama ninavyowaeleza wote. Kinachopita kwenye damu si maradhi yenyewe, ni wepesi wa kuyapata. Tazama watu wawili wakisimama juani, mmoja ngozi yake inaungua upesi, mwengine haiungui. Yule wa kwanza akipata kivuli anaweza asiungue maisha yake yote, na yule wa pili akiachwa juani kutwa anaweza kuungua. Ngozi unazaliwa nayo. Jua na kivuli utavikuta duniani.

"Na kama pande zote mbili..." akaanza, akaishia hapo.

"Pande zipi?"

"Hapana. Nnauliza tu."

"Pande zote mbili, wepesi unazidi. Hata hivyo wengi wao hawaumwi."

Alimaliza chai yake, akaniaga, akaacha haluwa. Mimi nikajisemea moyoni, huyu ni mama mwenye majivuno, anatafuta sababu ya kumkataa mtoto wa watu.

Wiki ile ile Asya alimleta mama yake kliniki. Ni mwalimu wa chekechea, msichana mwenye sauti ya chini na subira ya ajabu. Alianza kumpa mama yake vidonge tangu yeye mwenyewe yuko skuli. Bi Kazija akiwa na nafuu ni mcheshi kuliko wauguzi wote tukichanganywa, na siku ile alikuwa na nafuu.

"Umesikia, sista?" akaniambia. "Wamesimamisha posa. Wanasema kwetu kuna wazimu. Mwambie huyo bibi wa Bububu, wazimu wangu mimi una kadi ya kliniki na una miadi. Wa kwake je?"

Tulicheka. Sikujua alichokuwa akikisema, na yeye mwenyewe hakujua.

Asya hakucheka. Alingoja mama yake aingie kwa daktari, akaniuliza, "Bi Maryam, na mimi nitaumwa?"

"Sijui, mwanangu. Uwezekano wako ni mkubwa kidogo kuliko wa mtu ambaye kwao hakuna. Lakini wengi wenye mzazi mgonjwa wanaishi mpaka uzeeni na akili zao. Lala vya kutosha, usikae na mambo moyoni peke yako, na ukiona umebadilika, njoo mapema."

"Khalfan anasema yeye hajali. Mama yake ndiye aliyekataa, na hataki kusema kwa nini hasa. Anasema tu haiwezekani."

Nilimuonea huruma. Nikazidi kumchukia yule mwanamke wa haluwa.

Lazima niseme kidogo jinsi mambo yalivyokuwa, maana nyinyi mmekuta njia imeshalimwa. Nilipoanza kazi, mgonjwa alifika kwetu baada ya kupita kila mahali. Wengine walisema ni shetani, wengine karogwa, wengine ukoo wao ndivyo walivyo. Na hata akishafika, ukumbini kwetu pande mbili zinagombana. Baba anasema hasira za mtoto zimetoka kwa wajomba zake. Mama anasema, "Kwetu watu wapole, huyu kaharibiwa na malezi ya bibi yake mzaa baba." Bwana Othman alikuwa akiwasikiliza wote mpaka wachoke, kisha husema, "Nyote mna haki. Sasa tumpe chai." Nilidhani ni mzaha. Ilinichukua miaka kuona kwamba alikuwa akiwajibu kweli kweli. Mtu amechukua huku na huku, tena ameshakuwa yeye, na sasa ana kiu.

Jengine alilonifundisha ni hili. Usimkataze mtu kumsomea mgonjwa wake. Dua haigombani na kidonge. Unachokataza ni kumfunga mgonjwa, kumpiga na kumuachisha dawa.

Mwezi mmoja hivi baadaye tukaenda Kizimkazi kwa kliniki ya kijijini. Gari ya hospitali inatupeleka asubuhi, tunakaa kwenye kituo cha afya, wagonjwa wanakuja kuchukua dawa, alasiri tunarudi mjini. Nilikuwa nafunga kasha la dawa, sheha, yule kiongozi wa kijiji, akaniita pembeni.

"Kuna nyumba hapa nyuma," akasema. "Chumba cha uani kina kufuli kwa nje. Ukipita unasikia mtu anazungumza. Mwenye nyumba anasema ni redio."

"Labda ni redio kweli."

"Redio haiombi maji, sista."

Tukaenda, mimi na yeye na dereva wetu. Mwenye nyumba alikuwa mzee aitwaye Makame, mvuvi aliyeacha bahari kwa sababu ya mgongo. Alipouona mkoba wangu hakupinga. Alikaa kwenye kibao cha mbuzi ya kukunia nazi, akanyoosha mikono mbele kama mtu anayetaka kukamatwa.

"Mimi si mtu mbaya," akasema. "Ni binti wa ami yangu. Nnampikia, nnamfulia. Ila nikimuachia mlango anakwenda baharini. Mara mbili watu wamemtoa majini. Nifanye nini?"

"Anaumwa tangu lini?"

"Zamani. Bibi yake alikuwa hai."

Akafungua kufuli. Nikainama kuingia, maana mlango ulikuwa mfupi.

Nimeona vyumba vingi vya namna ile, na harufu ndiyo inayokupokea kwanza. Mle hamkuwa na harufu. Sakafu ilikuwa imefagiwa. Mkeka umetandikwa umenyooka na ukuta, kanga imekunjwa pembe kwa pembe, sahani na bakuli zimepangwa kama dukani. Katikati ya mkeka amekaa mwanamke mwembamba, nywele zimekatwa karibu na kichwa. Mbele yake kikombe cha bati. Bila ya kuniangalia alikigeuza mpaka mkono wa kukishikia ukaelekea kulia.

Kisha akainua uso.

Nikasema bila ya kufikiri, "Bi Raya, nani kakuleta huku?"

Mkoba ulinitoka mkononi. Nilisikia chupa za dawa zikigongana chini, na sikuinama kuziokota. Uso ulikuwa ule ule. Pua ile, nyusi zile, kidevu kile chenye kishimo. Umekonda, umechakaa, lakini nilikuwa nimeunywesha chai sebuleni kwangu. Nikawaza huyu mwanamke kapatwa na nini ndani ya mwezi mmoja, na kwa nini mzee anasema zamani. Akili yangu haikukubali kwenda mbele wala kurudi nyuma.

Yule mwanamke akanitazama kwa makini. "Unamjua Raya?" akasema. "Mwambie nshatulia. Mwambie aje anifungulie."

Nilitoka nje. Mimi, muuguzi mkuu, mwenye kuwafundisha wengine wasionyeshe uso mbele ya mgonjwa, nilitoka nikakaa chini mchangani na buibui langu. Dereva akaniletea maji. Mzee Makame alikuwa kainamisha kichwa.

"Pacha," akasema. "Raya kulwa, Zaina doto. Raya huleta chakula na nguo, anasimama hapa uani, haingii ndani. Zamani alikuwa akiingia. Siku hizi anasema hawezi."

Ndipo nikaelewa lile swali la pande mbili.

Nilirudi chumbani nikakaa mkekani na Zaina. Ukikaa na mtu anayesikia sauti, usimwambie hakuna sauti, utakuwa umemwambia muongo. Muulize zinasema nini. Nikamuuliza. Akaniambia wako watu chini ya maji wanamwita kwa jina, wana watoto wake wawili, wanasema aje awachukue. Alikuwa akieleza kwa upole, kama anayemwelekeza mgeni njia. Mwishoni alitaja kitu kilichomchekesha, sikumbuki nini, akacheka kicheko kifupi cha puani, akaziba mdomo kwa ncha ya kanga.

Sheha aliniambia baadaye kwamba wale ndugu walitenganishwa wakiwa wadogo mno. Kicheko kile hakuna aliyemfundisha mwenzake.

Daktari alimuona siku zile zile akaanzishiwa dawa. Kufuli hatukulitoa siku ile. Nakwambieni wazi ili msije mkajifanya mashujaa. Ukimfungulia mtu anayeitwa na bahari kabla dawa haijafanya kazi, na huna wa kukaa naye, unaweza kumuua. Tulikubaliana na Mzee Makame mlango uwe wazi kila akiwapo mtu wa kukaa naye, na binti wawili wa jirani wakajitolea kupokezana.

Kisha nikaenda Bububu. Nilijitayarisha kumkaripia Bi Raya. Njia nzima nilikuwa napanga maneno.

Aliniona mlangoni mwa duka. Alimuaga mteja, akafunga, akanipeleka nyuma kwenye chumba cha marobota ya vitambaa.

"Umemuona," akasema.

"Nimemuona. Anasema katulia, uende umfungulie."

Alikaa juu ya robota. Mikono yake ikaanza kunyoosha pindo la kitambaa kilichokuwa karibu, ikanyoosha, ikanyoosha.

"Mama yetu alikufa tuko wadogo," akasema. "Bibi ndiye aliyetulea. Shangazi akaja kutoka Bububu, akasema anaweza kumchukua mmoja. Hakuchagua, Bi Maryam. Watu wanadhani alichagua. Mimi nlikuwa nimesimama karibu na mlango, Zaina alikuwa kisimani. Akanishika mkono tukaondoka. Mimi nkasoma skuli, nkaolewa na mtu mwema, nkafundishwa biashara. Zaina kaozwa mdogo, kazika watoto wawili, mume kaondoka. Kisha akaanza kuitwa."

Akalinyoosha tena lile pindo.

"Watu husema pacha wa kufanana damu yao moja. Ndiyo?"

"Ndiyo. Walitoka yai moja."

"Basi fikiri wewe. Nlipomzaa Khalfan nlikuwa silali, nasikiliza, nangojea na mimi niitwe. Kila nikijitazama kwenye kioo nnamuona yeye. Nnajiuliza, leo ndiyo siku? Umri wangu wote huu. Ndiyo maana siingii chumbani mwake. Si kama nnamuogopa Zaina. Nikiingia nnajiona nimekaa pale mkekani."

Akaendelea kwa sauti iliyotulia kuliko yangu.

"Na Asya. Umedhani nimemkataa kwa sababu kwao kuna maradhi. Nimemkataa kwa sababu na kwetu yapo. Sikutaka mjukuu wangu ayapate huku na huku. Na nitamwambiaje mtoto wa watu sababu hiyo, wakati mwanangu mwenyewe nimemwambia mama yake mdogo alikufa?"

Nakwambieni, katika kazi hii nimetukanwa, nimepigwa kibao, nimetemewa mate, na hakuna kilichonitikisa kama maneno yale yaliyosemwa kati ya marobota ya vitambaa. Nilikuwa nimekwisha kumhukumu yule mwanamke, na nilikuwa sijui hata ninahukumu nini.

Nikamwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba hofu yake ile, ya kutolala na kungojea, nayo ni ugonjwa, na ina tiba, na hajapata kuiomba. Alinitazama kama nimemvua mtandio. La pili, kwamba mimi sitamwambia Khalfan wala Asya, kwa sababu si haki yangu kusema. "Hilo ni lako wewe," nikamwambia. "Lakini anza na Zaina."

Haikuwa upesi. Zaina alianza na vidonge, baadaye sindano ya kila mwezi. Zile sauti hazikumwisha. Alisema zimekwenda mbali, kama watu wanaozungumza nyumba ya tatu. Alianza kutoka uani, kisha kwenda kisimani na wale binti. Msimtarajie mgonjwa arudi kama alivyokuwa, maana hata nyinyi hamtarudi kama mlivyokuwa. Tarajieni aweze kuishi.

Nilikuwapo siku Bi Raya alipoingia chumbani. Alisimama kizingitini muda mrefu, akavua viatu, akaingia, akakaa mkekani uso kwa uso na nduguye. Mzee Makame alikuwa ametuwekea chai kwenye sinia. Kijiko kilikuwa kimekaa upande. Wote wawili wakanyoosha mkono kukinyoosha, vidole vikagongana juu ya kijiko.

Zaina akacheka puani, akaziba mdomo. Raya akacheka puani, akaziba mdomo. Wakatazamana hivyo hivyo, kila mmoja kashika ncha ya nguo mdomoni, kisha Raya akaanza kulia na Zaina akawa anampapasa mgongo akimwambia, "Basi, basi. Nshatulia mie."

Wanasayansi wanayo maneno yao ya kueleza kile nilichokiona, na nyinyi mtayasoma. Mimi nasema niliona watu wawili wenye tabia moja, wamelelewa mbali mbali, na mmoja kafungiwa mwengine ana duka. Tabia imekuja na damu. Maradhi yamemchukua mmoja yakamuacha mwengine, na wote wamebeba wepesi ule ule. Ila msije mkawaambia watu kwamba Zaina aliumwa kwa sababu ya misiba yake. Wako wanaozika watoto na wasiumwe, na wako wanaoumwa wakiwa na kila kitu. Misiba ile huenda ilichangia, kuozwa mdogo huenda kulichangia, na yako mengine ambayo hatutayajua. Anayekwambia amejua sababu moja, usimpe ufunguo wa kabati la dawa.

Khalfan na Asya waliambiwa sebuleni kwa Bi Raya, Bububu. Aliniomba nikae naye. Alisema yote kwa mara moja, macho chini, bila ya kujitetea.

"Mama mdogo yuko hai?" Khalfan akauliza. "Miaka yote hii yuko hai, hapa hapa Unguja?"

"Yuko hai."

"Mimi nlikuwa nnamuombea dua pamoja na maiti wetu."

Aliinuka akatoka. Tulisikia mlango wa nje. Bi Raya hakumfuata. Asya alibaki kwenye kiti, mikono mapajani. Nilingoja alie au aondoke na yeye. Akasema, "Anapenda kula nini?"

"Nani?"

"Mama mdogo Zaina. Dawa zile mwanzo zinakausha mdomo, chakula hakipiti. Mama yangu alikuwa hali kitu ila uji wa mtama. Nijue nimpelekee nini."

Bi Raya aliinua uso, akamtazama yule msichana kama ndiyo kwanza anamuona. Akasema kwa shida, "Asya, unajua kwa nini nlikukataa. Watoto wenu..."

"Nimesikia," Asya akasema. "Maradhi nshayazoea, Bi Raya. Nnayajua yakianza, nnajua pa kwenda. Siri ndiyo siijui, na sitaki kuijua."

Khalfan alirudi macho mekundu, akakaa karibu na mama yake. Baadaye waliniuliza wote wawili kuhusu watoto, nikawajibu kama nilivyomjibu kila mtu: wepesi utazidi, hakuna awezaye kuwaahidi lolote, na mtoto anayekulia nyumba ambayo mtu anaweza kusema "leo siko sawa" ameshapata kivuli chake. Uamuzi ulikuwa wao, na walichukua muda. Waliamua kuoana.

Shughuli ya wanawake ilifanyika Bububu. Ukumbi ulijaa, taarabu inapigwa, Bi Kazija amevaa gauni la dhahabu na anawachekesha jamaa wa bwana harusi mpaka wanajifuta machozi. Mimi nimekaa nyuma na sahani yangu ya biriani.

Wakaingia. Bi Raya na Zaina, wamevaa sare, wameshikana mikono. Zaina nywele zimemrefuka, kapakwa wanja. Walipofika katikati ya ukumbi wanawake waliacha kutafuna. Wengi walikuwa wakimjua Raya tangu ameletwa Bububu na shangazi yake, na sasa walikuwa wanaona Raya wawili.

Bi Raya hakwenda kukaa. Alikwenda kiti kwa kiti. Nilimsikia alipofika karibu nami, sauti haikatiki: "Huyu pacha wangu, Zaina. Alikuwa anaumwa akili. Nlimficha. Sasa yuko kwenye dawa, na anakaa na mimi."

Mmoja wa wale mama, mtu wa nyumba kubwa na jina kubwa, nilimuona anaitazama sahani yake, hali. Nikajiambia hapa sasa watainuka waondoke, na kesho mji mzima utakuwa unalisema hili.

Yule mama aliinuka kweli. Akapita nyuma ya viti, akaja mpaka nilipo, akajifanya anachukua glasi ya maji mezani kwangu. Hakunitazama.

"Sista," akasema. "Na kwetu yupo mmoja."

Nikashusha sahani. "Wapi?"

"Chumba cha juu. Mdogo wangu. Utakuja?"

"Nitakuja."

Aliondoka na glasi yake. Sijapata kuvuta pumzi, mwengine, bibi kizee nisiyemjua, akanigusa bega kutoka nyuma. Na mlangoni, tunatoka, viatu vimechanganyika, msichana mmoja wa kazi wa jamaa ya bwana harusi aliniinamia kama ananisaidia kutafuta changu, akanong'ona jina la kijiji na jina la kaka yake.

Nilisimama pale kizingitini, kiatu kimoja mguuni kimoja mkononi, naangalia wale wanawake wote wakitoka na mabuibui yao na marashi yao, wakicheka na kuagana, na kwa mara ya kwanza katika umri wangu wote wa kazi nilijiuliza ni wangapi kati yao wana ufunguo mkobani.

Jumatatu niliomba gari.